Mwiko

Eirlys Prosser hajui, nami sijamwambia,
kwamba katika lugha ninayomwandikia
chombo anachokilaza kwenye kiti cha abiria,
kimeviringishwa taulo,
kina jina moja na jambo lisilofanywa.
Mwiko.

Kwao, mwiko ulikuwa kuacha mshahara.
Babake alitoka kiwanda cha bati cha Llanelli
na saa ya ukutani na sikio moja lisilosikia.
Mamake alisugua masufuria ya shule
hadi magoti yakagoma.
Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Bahasha ilikuwa bahasha.

Miaka kumi na minane kampuni ilimpa Eirlys
sare, chai, na kuta za watu.
Kisha Machi moja, mvua ikinyesha kwa pembe,
akaandika barua ya mistari mitatu
na kuiacha mezani pa karani.
Aliyeacha kwa barua, sasa akatafuta kibarua.
(Unisamehe, Eirlys. Lugha ndiyo inayocheza.)

Vani aliinunua kwa muuza maua aliyefilisika.
Ubavuni palibaki kivuli cha waridi
lililobanduliwa vibaya,
kubwa kama beseni.

Usiku, jikoni, mimi mpangaji wake
nilimsomea fomu kwa sauti.
Bima. Namba ya kodi. Ukianguka, nani apigiwe?
Jina la biashara?
Hapo alikaa kimya, birika likachemka, likapoa.
Mwishowe akaandika jina lake mwenyewe,
herufi kwa herufi,
kama mtu anayekiri kosa.

Saiti tatu Swansea, mbili Port Talbot.
"Acha namba," walisema wasimamizi,
naye akaiacha:
kwenye kipande cha ubao, kwenye mfuniko wa rangi,
nyuma ya pakiti ya sigara iliyotupwa kabla hajafika getini.
Mmoja akauliza, "Fundi ni mumeo?"
"Mume wangu huoka mikate," akajibu,
"na haijawahi kupinda.
Ule ukuta wako, je?"

Wiki ya saba,
alikuwa barabarani na kitambaa na petroli
akilisugua lile waridi lisiendelee kumuaibisha,
nusu yake imeshatoka,
simu ikalia.
Gethin Bowdler: mkandarasi mdogo
wa mkandarasi mdogo
wa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuiona uso.
Ngazi za shule, orofa tatu,
fundi aliyekuwepo kaondoka na hakuaga.
"Wewe ndiye yule wa vani ya waridi?"
Eirlys akakitazama kitambaa.
Akasema, ndiye.
Akakikunja, akakitia mfukoni.

Lipu haina adabu ya kumsubiri mtu.
Ina saa yake, na saa hiyo ni fupi.
Mkono wa kwanza ni wa kuficha tofali,
wa pili ni wa kuficha mkono wa kwanza,
kisha maji kidogo, kisha chuma,
shuu, shuu,
bega likienda na kurudi
mpaka ukuta unaanza kujibu.
Na ukuta husema kweli jioni tu,
mwanga wa dirishani ukija ubavuni;
hapo kila uvivu wako una kivuli.
Bowdler alipanda ngazi na tochi,
akaigandamiza ukutani, akaivuta polepole.
Hakusema kitu.
Kwenye orofa ya tatu akaizima.
"Kuna dari pia," akasema. "Jumatatu."

Ankara ya kwanza nilimshauri aipe namba arobaini na saba,
wasijue kwamba ni mgeni.
Akaandika moja.
Sehemu moja kati ya tano itakatwa na kodi kabla hajaigusa.
Zilizobaki, siku sitini,
yaani sitini za Bowdler,
zinazongoja sitini za yule aliye juu ya Bowdler.

Ijumaa ikaja mikono mitupu.
Mamake akapiga simu:
wamekulipa?
Eirlys alikuwa kwenye sinki akiuosha mwiko,
kwa uangalifu, hadi mpini.
Akazitazama kucha zake nyeupe.
"Ukuta umekauka vizuri, Mam," akasema.
"Hauna hata ufa."